Mpira wa Bibi Kwenye Kitabu cha Kabula

Mwaka wa vita vya Kagera nilikuwa na miaka kumi na minne, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mama alifariki, pamba ya baba ikaliwa na wadudu, nami nikaacha shule darasa la tatu nikatoka kwetu Shinyanga kwenda kuponda mawe ya dhahabu upande wa Geita. Kwa hiyo, mwanangu, usitafute usomi kwenye maneno haya. Tafuta akili, hiyo ninayo.

Kuna siku moja kule machimboni ambayo haijanitoka kichwani. Nilimwuliza Mama Shija, mwanamke mzee aliyetutangulia pale, jiwe lenye dhahabu likoje. Akanieleza. Nikauliza tena. Nilipouliza mara nyingine alinitupia jiwe mapajani.

"We binti, unataka nikusimulie jiwe mpaka jua lizame? Shika! Lipime kwa mkono, lilowanishe kwa mate, ligeuze juani. Halafu ndiyo uniulize."

Wenzangu walicheka mpaka wakaacha nyundo. Nilinuna, lakini nikalishika. Tangu hapo hakuna mnunuzi aliyeweza kunidanganya juu ya jiwe.

Sasa nikupeleke kwa mjukuu wangu Kabula. Ana ugonjwa wa selimundu. Baridi ikimpiga, mifupa inamuuma analia kama amevunjwa. Alikuwa anakosa shule wiki nzima nzima, basi mama yake, ambaye alisomea ualimu, akaamua kumfundishia nyumbani pamoja na mdogo wake. Mwanangu Masanja, baba yao, hakupenda. Yeye anafanya kazi Geita mjini, anarudi mwisho wa mwezi. Akasema: nikirudi nitampima mwenyewe, na nikikuta hajui kitu anakwenda shule ya bweni. Mkwe wangu alilia. Bweni nani ataamka kumpa mtoto maji ya moto na kumkanda miguu?

Nami, nikwambie kweli, nilikuwa upande wa Masanja. Maana nilimkuta Mama Kabula na watoto sebuleni wameshona mifuko ya saruji ikawa kitabu kikubwa, wamepika gundi ya unga wa muhogo, wanabandika takataka. Pamba kavu. Kipande cha gunia. Picha ya marehemu babu yao amekunja uso.

"Mnafanya nini?"

"Historia, bibi."

"Historia ni ya Wajerumani na machifu. Hayo ni ya kuwashia moto."

Mkwe wangu hakubishana. Alisema tu, "Mama, watoto hawa nikiwaambia wanasahau. Wakishika, hawasahau."

Mwanangu, nilikaa chini. Nilisikia sauti ya Mama Shija kabisa, kama yuko mlangoni. Kesho yake nilikwenda stoo mwenyewe kuwatafutia vitu vyangu vya zamani.

Masanja alirudi Jumamosi. Hakungoja hata chai.

"Haya, mama," akamwambia Kabula, maana ndivyo anavyomwita binti yake. "Niambie Operesheni Vijiji ilikuwa nini."

Mama yake alikuwa anachambua mchele. Mikono ilisimama.

"Lete mkono, baba," Kabula akasema.

Akafungua kitabu, akamshikisha msumari mkubwa uliopinda, umeshonewa kwa uzi wa gunia. "Huu ni wa mlango wa nyumba ya baba yake bibi. Serikali ilitaka watu wakae pamoja, wapate shule na maji na zahanati. Wakaambiwa wahame. Yeye akang'oa mlango akaubeba kichwani, kuta akaziacha."

"Na maji waliyapata?"

"Bibi anasema mlango ulioza kabla ya bomba kufika."

Masanja akacheka, lakini akafunua ukurasa mwingine haraka, kama mtu anayetafuta kosa. Akamwuliza pamba ilikuwa inauzwa wapi enzi za Waingereza. Akajibiwa. Akamwuliza wakati wa vita vya Kagera nyumbani kulikosekana nini. "Sabuni na sukari. Bibi alifua kwa majani ya mpapai." Akafunua tena, akakivuta kitabu karibu.

Pale palishonewa pete nene ya mpira wa tairi, imechakaa upande mmoja.

"Huu si usukani wangu?" akasema. "Mama, huu si ule niliokuwa naendeshea gari?"

"Siyo usukani, baba," Kabula akasema. "Bibi alikuwa anazungushia jiwe huo mpira, halafu anaponda kwa nyundo. Ili asijipige vidole. Ukiwa umelala alikuwa anaponda, ukiamka anakupa uchezee."

Masanja alitazama mikono yangu. Kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Alikuwa anakiona tangu azaliwe, hakuwahi kuuliza.

"Wabeja, mayu," aliniambia. Asante, mama, kwa Kisukuma chetu. Kisha akamgeukia mke wake. "Mama Kabula, bweni basi. Mtoto abaki. Mwezi ujao nitaleta karatasi nzuri, hii mifuko inanuka saruji."

Mkwe wangu alirudia mchele wake. Nilimsikia anashusha pumzi, nami nikashusha yangu. Usiku ule nililala fofofo.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usimsimulie mtoto mambo ya kale kama unavyomsomea tangazo. Mpe kitu mkononi, mwambie kilitoka wapi na nani alikishika kabla yake. Na wewe mzee mwenzangu, fungua stoo kabla hujafa. Hao watoto hawataweza kukuuliza kaburini. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na wajukuu wa kuishika.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, karasha moja ya kusaga mawe, shamba la mpunga, ng'ombe na mbuzi, na ukurasa wangu kwenye kitabu cha Kabula.