Bomba Nililolikata

Mama yangu alipovunjika nyonga, nilijiapia kwamba hatateremka tena kwenye choo cha kwetu Walungu. Kilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya migomba, na mvua ikinyesha njia yote inakuwa utelezi. Mimi nilikuwa na nyumba Bukavu, juu ya ziwa, nyumba kuukuu iliyoachwa na Mbelgiji, ambayo chuo kilinipa kwa sababu wenzangu wote waliikataa. Bafu lake lilikuwa limekufa zamani. Nikaamua kulijenga upya, ili Mama aje kuishi nasi.

Nilifundisha falsafa. Mtu aliyefundisha falsafa haogopi bomba.

Fundi alikuwa mzee aliyetengeneza mabomba ya mtaa ule tangu ujana wake. Miaka ile ya Zaire kila mtu alikuwa sitwayen, yaani mwananchi, lakini mimi aliniita sitwayen profesa. Nilikuwa mhadhiri msaidizi tu. Sikumsahihisha.

Nyuma ya choo kulikuwa na bomba la chuma lililopanda ukutani, likapita darini na kutokeza juu ya paa. Lilikuwa limeoza kwa kutu, na mvua ilipenya kando yake. Nikamwambia fundi alikate na kuliziba.

"Lilikuwa la jiko la kuchemshia maji," nilieleza. "Na jiko lenyewe halipo tena."

"Apana, papa. Iyi tuyo, iyi bomba, haiko ya moto. Choo inapumuaka mule."

"Choo kinapumua?" Nilimtazama mke wangu ili acheke pamoja nami. "Na kinakohoa pia?"

Mke wangu alicheka. Fundi hakucheka.

"Ukifunga pua yake, itatafuta fasi ingine ya kupumua."

"Muzee, maji yanashuka chini yenyewe. Hewa ya nini?"

Alinitazama kidogo. "Basi, njo wewe ulisoma," akasema, akachukua msumeno.

Mama alikuja mwezi huohuo. Alipapasa vigae vyeupe, akashika chuma nilichopigilia ukutani ili kimsaidie kuinuka, akasema hata askofu hana choo kama hiki. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyeandika kitabu.

Lakini maji yaliyotoka kwenye robine yalikuwa hafifu, kwa hiyo choo tulikimwagia ndoo nzima kwa mara moja. Kila ndoo iliposhuka, sinki la kunawia liligugumia kama mtu anayemeza. Leo najua kilichotokea. Chini ya sinki bomba hujipinda, na katika lile pindo hubaki maji kidogo yanayozuia harufu ya shimo la maji machafu isipande. Ndoo ilipokosa hewa kutoka juu, iliyafyonza yale maji na kwenda nayo. Baada ya hapo shimo lilikuwa na mlango wazi ndani ya nyumba yetu, na chumba cha Mama ndicho kilichokuwa cha kwanza kutoka bafuni.

Hakuna aliyesema neno. Nani atamtajia mama yake habari ya harufu? Mke wangu alifungua madirisha na kuchoma majani ya mkaratusi, akidai ni kwa ajili ya mbu. Watoto walikanywa kwa macho. Tulificha kwa adabu kubwa sana, na Mama aliona kila kitu: dirisha linafunguliwa akiingia, mtoto anashusha uso akipita. Akaanza kuoga asubuhi, mchana na jioni, kwa sabuni ya kufulia. Kila alipomaliza alimwaga maji yake yote chooni, ndoo nzima, kama tulivyomfundisha. Na harufu ikazidi.

Wiki ya sita akasema, "Nitarudia kwangu."

Nilidhani anakumbuka maharage yake, mbuzi wake. Nilibishana kidogo, kisha nikamtafutia kamioneti ya kumpeleka. Ilipokwisha kuondoka, nilimkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi. Mama alikuwa amemshika mkono na kumwambia, "Muniwie razi, maman. Niko naoza na sijakufa bado."

Nilimwita fundi. Hakunikumbusha lolote. Alifungua dari, akaunga bomba jipya hadi juu ya paa, kazi ya asubuhi moja. Akamwaga ndoo chooni. Sinki likanyamaza. Tulisimama tukilisikiliza.

"Na maman muzee, iko wapi?" akauliza.

"Alirudi kwake."

Akafunga msumeno wake katika gunia.

Jumapili nilikwenda Walungu. Nilichuma kikonyo cha jani la boga, kile chenye tundu, nikakikunja mbele ya Mama kumwonyesha maji yanapokaa, hewa inapopita. Sijawahi kufundisha vizuri namna ile.

"Ilikuwa bomba, Mama. Haikuwa wewe. Ni mimi nilikata bomba."

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama zamani nilipomsomea katekisimu. Kisha akanishika mkono.

"Asante, mutoto wangu," akasema. "Nilikulea muzuri."

"Mama, ni kweli. Uliza fundi."

"Ndiyo, ndiyo."

Akaomba fimbo yake. Mvua ilikuwa imeanza. Nilitaka kumshika, akanisukuma, akaniambia nibaki mbali kidogo, nguo zangu ni za mjini. Nikabaki mlangoni na kikonyo changu cha boga, nikimwangalia akiteremka kwenda chooni, nyuma ya migomba, hatua moja, kisha fimbo, kisha hatua.