Viungo vya Ndugu Kwenye Tovuti ya Korosho

Mjukuu wangu wa kike alikitengenezea tovuti kikundi chetu cha akina mama wabangua korosho, Nachingwea. Kila ndugu aliyeomba kiungo cha tovuti yake kiwekwe pale tulimkubalia, maana kumnyima ndugu ni aibu. Pakajaa waganga na bahati nasibu. Mtu akitafuta korosho mtandaoni, sisi tukawa nyuma kabisa, wanunuzi hawatuoni.

“Bibi, kwa viungo hivi mtambo wa kutafutia unatuona matapeli, ndiyo maana unatusukuma nyuma.”

“Vitoe, mke mwenzangu. Lawama nitabeba mimi.”

Akabakiza vya wakulima wa korosho tu, nao wakaweka chetu kwao. Masika yalipoisha, tukawa ukurasa wa kwanza.

Bado nilimwogopa shemeji yangu wa Ruangwa, mganga, ambaye kiungo chake tulikitoa. Nilipomweleza, akacheka.

“Shemeji, kwani kiliniletea mgonjwa hata mmoja?”

Nikashusha pumzi, nikaomba maji ya kunywa.