Neno Kwenye Ganda la Boga

Baba mdogo ni fundi mizani. Wenye maduka ya nafaka, wauza nyama na wauza misumari humletea mizani zilizochoka, naye huzifungua juu ya meza katika chumba cha mbele, akazisafisha kutu, akazibadilishia springi, kisha akazijaribu kwa mawe yake ya shaba mpaka mshale utulie pale unapotakiwa kutulia. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anataka yakae sawa kama mshale. Ukimwambia unakuja sasa hivi, atakuuliza sasa hivi ni lini.

Mama mdogo, mkewe, alikuwa mtu mwingine kabisa. Kila alipotoka, iwe anakwenda dukani kununua kiberiti au anasafiri kwenda kwa dada yake, neno lake lilikuwa moja. Alilitupa nyuma ya bega huku kandambili zake zikipiga sakafu: "Nakuja!"

"Unakujaje na wewe unaondoka?" baba mdogo alimuuliza kutoka mezani, bila kuinua kichwa. "Sema naenda."

"Nikisema naenda utaniuliza wapi."

"Mtu anayekuja huonekana uso. Mimi hapa naona kisogo."

"Basi kiangalie vizuri, maana kisogo chenyewe si kibaya."

Nilianza kuishi nao nilipopata kazi ya kupanga vitabu katika maktaba ya chuo, na mazungumzo hayo niliyasikia karibu kila siku kupitia ukuta wa chumba changu. Nilikuja kuyazoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani.

Uani, nyuma ya jiko, ndipo baba mdogo alipokuwa akilima maboga yake. Hakulima ya kula. Alilima makubwa, yale ambayo watu wawili hawawezi kulinyanyua moja. Namna yake ilikuwa hii: mmea mmoja, boga moja. Alfajiri maua yalipofunguka alichuma ua dume, akachuna petali zake, akalisugua taratibu ndani ya ua jike. Maboga machanga yalipotokea alichagua moja lenye kikonyo kinene, mengine yote akayakata bila huruma. Aliuzika mmea ardhini kila ulipotambaa ili uote mizizi mipya, akatandika mchanga mkavu chini ya boga, na jua lilipokuwa kali akalifunika kwa shuka.

Shuka hilo lilikuwa la kitandani kwao. Ndipo jina lilipotoka.

"Mke mwenzangu ameshafunikwa?" mama mdogo alikuwa akiuliza kutoka jikoni. "Ameshakunywa maji? Maana mimi chai yangu bado naingoja."

Na kwa sababu kuchavusha maua ni kama kuyafungisha ndoa, alikuwa na utani mwingine uliomfanya baba mdogo ashindwe kuzuia tabasamu. "Kazi yako wewe ni kuoza tu," alimwambia. "Mwanzo wa msimu unaoza maua, mwisho wa msimu maboga yanaoza." Kweli, kwa majivuno yake, baba mdogo aliyaacha maboga uani mpaka yapite wakati. Siku aliporudi ndani na uso mrefu na kusema, "Linaoza," mama mdogo alijibu papo hapo: "Linamwoza nani? Mbona hatujaalikwa?" Hapo ndipo walipochukua kisu, wakalipasua, wakatoa mbegu za msimu unaofuata. Mbegu hizo ukoo wake ulianza na boga la kwanza walilopanda walipooana. Mama mdogo alizihifadhi kwenye chupa iliyoandikwa CHUMVI, kwa mwandiko wake mwenyewe, na chumvi aliiweka kwenye chupa iliyoandikwa MAJANI.

Kisha akapata uvimbe tumboni. Daktari alisema upasuaji wenyewe ni mdogo.

Asubuhi ya kwenda hospitali, teksi ilikuwa inapiga honi nje na baba mdogo alikuwa anapekua kila mahali akitafuta kadi ya hospitali, ambayo mwishowe aliikuta chini ya sahani ya mizani. Mama mdogo aliingia kutoka uani. Kandambili zake zilikuwa na udongo, na nywele zake upande mmoja zilikuwa zimefumuka.

"Ulikuwa unafanya nini huko na watu wanakusubiri?"

"Namuaga mke mwenzangu."

Aliufunga mkoba wake, akanishika shavu, akatoka. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo mkononi. Nilimwona akitega sikio. Mama mdogo aliingia ndani ya teksi, akaketi, akafunga mlango. Hakusema chochote.

Hakurudi.

Wakati wa msiba nyumba ilijaa. Wanawake waliosaidia jikoni walifungua chupa zote wakitafuta chumvi, na kwenye ile iliyoandikwa CHUMVI wakakuta mbegu. Wakazikaanga, wakazipitisha kwa waombolezaji kwenye sahani. Baba mdogo mwenyewe alichukua chache, akazitafuna huku akitazama sakafu. Alipokuja kujua alikuwa amekula nini, sahani ilikuwa tupu. Hakumlaumu mtu. Ila nilimwona akiishika chupa ile na kuigeuzageuza, kama mtu anayetafuta mahali ilipopasuka.

Watu walipoondoka tulibaki wawili, na lile boga changa uani ambalo siku zote hizo hakuna aliyelikumbuka. Mvua ilikuwa imelihurumia. Lilikuwa limefikia ukubwa wa kichwa cha mtoto, na ubavuni lilikuwa na mikwaruzo ambayo baba mdogo alidhani ni ya konokono. Alilitandikia mchanga, akalifunika kwa shuka. Usiku wa kuamkia siku hiyo, aliniambia baadaye, hakulala akiwaza jambo moja tu. Si kifo chenyewe. Ni kwamba miaka yote alimkataza kusema neno lile, na siku moja tu aliyohitaji kulisikia, mke wake akamtii.

"Hakusema," aliniambia. "Ulimsikia akisema?"

"Sikumsikia, Baba mdogo."

"Basi hakusema."

Aliyelisoma boga kwanza, siku upepo ulipoinua shuka, ni jirani yetu kinyozi. Ana kibanda upande wa pili wa ukuta na anapenda kuegemea hapo anapokosa kichwa cha kunyoa.

"Fundi!" aliita. "Siku hizi unaandika matangazo kwenye maboga?"

"Matangazo gani?"

"Si hilo hapo, ubavuni? Linasema linakuja. Linakuja wapi na halina miguu?"

Baba mdogo alivuta shuka. Mikwaruzo ilikuwa imepona na kuwa makovu ya rangi ya mti mkavu, na makovu yalikuwa yametanuka pamoja na ganda. Zilikuwa herufi. NAKUJA.

Aliruka ukuta kwa umri wake ule. Nilifika mbio nikakuta amemkamata kinyozi kola ya koti lake jeupe.

"Unanichezea mimi? Mtu amefiwa, unamchezea?"

"Fundi, niache! Mimi nikiandika naandika kwa mashine, tena kwenye vichwa. Angalia mwandiko wenyewe! Mimi najua kuweka kofia kwenye J?"

Baba mdogo akamwachia. Alirudi jikoni, akaichukua chupa ya MAJANI, akaenda nayo uani na kuisimamisha kando ya boga. J ya chupani ilikuwa na kofia. J ya kwenye boga ilikuwa na kofia ile ile, imelala upande mmoja. Kisha akapapasa udongo chini ya kikonyo, akainuka na pini ya nywele.

Kinyozi, mtu asiyeishiwa maneno, aliondoka taratibu bila kuaga.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Boga lilikua kwa kasi, na neno lilikua nalo. Ilikuwa kama mtu anayeita kutoka mbali huku anatembea kuja: wiki moja sauti iko ng'ambo ya barabara, wiki nyingine iko kwenye kona, halafu iko ukutani. Asubuhi nilipokwenda kupiga mswaki uani nilijikuta napita upande mwingine ili nisilitazame, na bado nilihisi limenigeukia.

Baba mdogo aliweka kiti mbele yake. Mezani mizani za watu zilikaa zimefunguliwa matumbo, na wenye nazo waligonga mlango mpaka wakachoka. Alimimina vikombe viwili vya chai, kimoja akanywa nusu, kingine kikapoa. Komeo la mlango wa mbele alilifungua na kulizungushia kitambaa ili mimi nisilirudishe kwa bahati mbaya. Suruali zilianza kumpwaya.

"Aliandika kwa sababu alijua atachelewa," aliniambia siku moja mchana, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Angekuwa haji, angeandika naenda. Ninamjua."

Baba yangu, kaka yake mkubwa, alikuja kumchukua. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kofia magotini.

"Mdogo wangu, funga nyumba twende kwangu. Utakufa njaa hapa na binti yangu anakutazama."

"Siwezi, kaka. Nikiondoka atakuta mlango umefungwa."

"Nani?"

Baba alinitazama, mimi nikatazama vikombe. Alipokuwa anaondoka alinivuta kando. "Akilala na hilo boga mpaka lioze," alisema, "naye ataondoka nalo. Mwanangu, mbegu nyingine zipo?"

"Hakuna. Zililiwa msibani."

"Basi afungue atoe mbegu apande. Mtu anayepanda ana sababu ya kuamka."

Nilimweleza hivyo. Baba mdogo aliniuliza kama ninavyomuuliza mtu anayetaka kuchana kitabu cha maktaba: "Nimkate?"

Alichofanya badala yake ni kulinywesha. Mtu aliyenifundisha kwamba boga halipendi kuharakishwa, alimwaga ndoo juu ya ndoo, asubuhi, mchana na jioni, ili neno liwe kubwa zaidi, lisogee zaidi. Ganda likang'aa kwa kukazwa. Wakati mwingine nililisikia likilia ndani kwa ndani, mlio mwembamba kama wa ubao unaokanyagwa na mtu asiyetaka kusikika.

Mchana mmoja, jua likiwa kichwani, tulikuwa chumba cha mbele nikimbembeleza ale wali. Kikasikika kishindo. Kilikuwa sawasawa na cha mlango uliosukumwa na mtu mwenye mizigo mikononi.

Baba mdogo aliangusha kijiko. "Umekuja?" alisema, na alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Akaufungua mpaka mwisho. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na mbwa mmoja alikuwa amelala katikati yake. Alisimama pale muda mrefu, mkono umeinuliwa kidogo, kama anayepokea mfuko.

Mimi nilikwenda uani. Boga lilikuwa limepasuka ubavuni. Ufa ulianzia kwenye kovu, ukapita katikati ya neno, ukaacha NA upande mmoja na KUJA upande mwingine. Ndani kulikuwa giza la rangi ya machungwa, na hewa ya baridi ilitoka humo na kunigusa usoni.

Hata baada ya hapo alikaa kwenye kiti chake akilitazama. Alijaribu kuuziba ufa kwa nta. Nzi walikuja. Harufu ilianza kuwa tamu, halafu ikazidi utamu. Nilijua mbegu zimebakiwa na siku chache kabla hazijachachuka zote, na nilimwona yeye mwenyewe pale kitini, mabega yamebonyea, nikaona ni jambo moja. Si kawaida yangu kumwambia mtu mzima la kufanya. Nilisimama nyuma yake, nikasema neno pekee nililoliweza.

"Baba mdogo, linaoza."

Hakugeuka. Nzi walizunguka. Kisha mabega yake yakatikisika mara moja.

"Linamwoza nani?" aliuliza.

"Mbona hatujaalikwa," nikasema.

Alicheka. Alicheka mpaka akainama na kushika magoti, na kicheko kikageuka kikawa kilio, kile ambacho msibani hatukukisikia. Kinyozi alichungulia ukutani, akatuona, akajificha. Baba mdogo alipomaliza alijifuta uso kwa shuka la boga.

"Niletee kisu," alisema. "Kile kirefu."

Alianza kwa kulikata neno lote, vipande viwili vya ganda, akaviweka kando juu ya shuka kwa uangalifu. Ndipo akaingiza mikono ndani mpaka viwikoni. Nyingi zilikuwa zimelainika, lakini karibu na kikonyo, mahali pakavu, alipata mbegu ngumu, nyeupe, nene. Aliziosha na kuzianika. Zilipokauka alizitia kwenye chupa ya CHUMVI. Nilimuuliza kama niandike jina jipya, akasema hapana, mwenye chupa anajua kilichomo.

Boga lile ndilo pekee ambalo hakuwahi kulipima uzito.

Vile vipande viwili vya ganda aliviacha kwenye sahani ya mizani ya zamani, juani, dirishani. Ganda la boga likikauka hujikunja na kunywea. Wiki baada ya wiki herufi zilirudi nyuma, zikasogeleana, mpaka zikawa ndogo kama mtu alivyoweza kuziandika kwa pini akiwa na haraka, teksi inapiga honi.

Leo asubuhi amemaliza mizani ya muuza nyama. Ameifunga kwa gazeti, akaikumbatia, akasimama mlangoni akinipa kisogo. Nilidhani amesahau kitu.

"Nakuja," akasema.

Sikumjibu upesi, kwa sababu katika nyumba hii si mimi ninayejibu neno hilo. Mlango ukafungwa, na komeo, lisilo na kitambaa tena, likaangukia mahali pake. Kule dirishani mshale wa mizani ya zamani ulicheza kwa mtikisiko, ukaenda huku na huku, na ukachukua muda mrefu sana kutulia.