Kifuko Kwenye Umio wa Gap-sun

Tarehe 26 Novemba 2012, Naju, mji wa mapeasi. Baridi kavu, upepo wa kuuma masikio.

Uani kwa Pan-rye, wanawake watano walikuwa wameinamia kabichi mia na ishirini, mikono myekundu kwa pilipili hadi viwikoni. Siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya pilipili inayochachushwa kwa ajili ya majira ya baridi, jani bichi huchanwa kwa vidole, hukunjwa na kutiwa kinywani mwa mwenzako. Ukikataa, umeutukana mkono uliokulisha.

Gap-sun, mfungashaji wa mapeasi wa miaka sitini na mmoja, alikuwa akipata taabu kumeza mwaka wa pili sasa, na alikuwa akificha. Tezi yake ya shingoni iliugua zamani. Juzi mashine ilionyesha kivimbe kushoto, na kesho angechomwa sindano ijulikane kama ni saratani.

"Wifi, achama!" Pan-rye, dada wa mumewe, akamshindilia jani zima.

Likakwama. Akameza nusu kwa nguvu, nusu akaenda kuitema nyuma ya mitungi ya kimchi iliyongoja kuzikwa ardhini. Alipogeuka, Pan-rye alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Unatema kimchi yangu?"

"Lilikuwa kubwa, wifi."

"Kubwa! Miaka thelathini unameza kama bata, leo umekuwa bibi harusi?"

Hata hivyo, aliposikia habari ya sindano, kesho yake Pan-rye alimsindikiza hospitali, akakataa kubaki nje.

Daktari, kijana mpole, alimpaka mafuta ya baridi shingoni na kupitisha mashine. Akasita.

"Mama, meza maji haya kidogo."

Gap-sun akameza. Ndani ya kivimbe, vitone vyeupe vikarukaruka. Daktari akairudisha sindano kwenye sinia.

"Humu mna hewa. Tezi haina hewa."

Wakampeleka kunywa dawa nzito nyeupe kama chokaa, inayoonekana kwenye eksirei, na kupigwa picha. Jibu likatoka: kifuko kidogo pembeni mwa umio, kimejibanza kwenye tezi. Si saratani.

"Ni nadra sana," daktari alisema. "Chakula huingia humo kikakaa."

"Hata cha jana?" Pan-rye aliuliza.

"Hata cha jana."

"Alaa! Sisi tunahangaika kuzika mitungi, wifi yangu anaweka akiba shingoni!"

Gap-sun alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Daktari alisema upasuaji usubiri. Dawa ya tezi iendelee, chakula kikatwe vipande vidogo.

Asubuhi iliyofuata, Gap-sun alimeza kidonge chake kwa gilasi nzima ya maji, akangoja saa moja kama alivyoagizwa, kisha akaenda kwa Pan-rye na mkasi wa jikoni. Kukata kimchi mpya kwa chuma, machoni pa wifi yake, ni kufuru.

"Geukia ukutani kama huwezi kuangalia," alimwambia.

Pan-rye akageuka, akinung'unika. Gap-sun akakata, akatafuna, akameza vipande saba, kisha akaomba wali.