Ukurasa Aliouvuta Babu

Biblia ya nyumbani kwetu Urambo ilikuwa na mapengo, na mkosaji alikuwa babu, baba yake mama. Alipewa siku ya ubatizo wake, naye hakujua kusoma, akaona karatasi ile nyembamba inafaa sana kusokotea tumbaku. Hakuchagua. Mkono ulipoangukia, alichana. Mama aliirithi ikiwa hivyo hivyo, na mimi niliyepelekwa shule ndiye niliyekuwa namsomea.

Kitabu cha yule nabii aliyemezwa na samaki kilituishia pabaya. Nabii anatapikwa, anaingia mjini, anatangaza kwamba baada ya siku arobaini mji utaangamizwa. Basi. Ukurasa uliofuata babu alishauvuta. Kwetu sisi mji ule uliungua, na hakuna aliyeuliza. Tukigombana, mama alitaka kujua kama tunatamani kuungua kama wale.

Kisha bani letu la kukaushia tumbaku likashika moto na mavuno yote ndani. Wiki hiyo hiyo mama alikuwa amemfukuza mlangoni mdogo wake, aliyekuja na watoto kuomba mahindi. Akayaunganisha mambo hayo mawili, asiyatenganishe tena. Mama hakumtafuta tena mdogo wake. Alisema hukumu ikishatoka, kuomba msamaha ni kujisumbua bure.

Mwaka huu uvimbe ulimjaa tumboni, nikamleta hospitali hapa Tabora. Daktari alisema apasuliwe kesho yake asubuhi. Ilipoletwa fomu ya kuweka dole gumba, mama alificha mkono chini ya shuka.

"Mungu akishakusudia habadili," alisema. "Nirudisheni nikafie nyumbani."

Nilimjibu vibaya, halafu nikaona aibu. Muuguzi alituacha na fomu yake, akasema atarudi.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mmoja wa Ulyankulu, alikuwa na Biblia chini ya mto. Nikamwomba aniazime. Niseme ukweli: nimeishi mjini miaka mingi, Biblia nzima zimejaa kila mahali, na sikuwahi kuutafuta ukurasa ule. Niliogopa kuuona moto kwa macho yangu. Sasa nilikifungua kitabu cha yule nabii. Kama kweli mji uliungua, nitakuwa nimemmaliza mama yangu kwa kinywa changu mwenyewe.

Nikasoma mpaka zile siku arobaini. Mama alifumba macho. Nikageuza.

Watu wa mji walifunga, mfalme wao akashuka akaketi majivuni. Mungu akawaona, akaghairi. Nilirudia hapo mara mbili, kwa sababu sikujiamini. Nikaendelea, na kumbe aliyebaki na hasira alikuwa nabii. Mungu ndiye aliyekuwa anambembeleza, anamuuliza kwa nini asiuhurumie mji wenye watu wengi namna ile, na wanyama wao.

"Na wanyama?" mama aliuliza.

"Na wanyama, mama."

"Soma tena."

Nilisoma tena.

"Na baba akaivuta hiyo," alisema. Akacheka mpaka tumbo likamuuma, kisha akalia. "Nimemwogopa Mungu hivi miaka yote, kumbe simjui."

Muuguzi aliporudi, mama alitoa mkono mwenyewe, akabonyeza dole kwenye fomu. Mimi ndiye sikutulia. Daktari alishanieleza kwamba hatari ipo, na ukurasa ule haukuahidi lolote kuhusu uvimbe. Nilijilaumu kwamba nimemshawishi, na hapo hapo nikajilaumu kwamba nimemchelewesha miaka yote ile kwa woga wangu.

Asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, nami nikatembea pembeni. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji alinishika mkono. Dole lake lilikuwa bado na wino.

"Mpigie mama yako mdogo," alisema. "Mwambie mji ule haukuungua. Mwambie aje."