Chini ya Rangi Nyeupe

Jumamosi jirani yangu hapa Kitengela aliamua kuandaa gari lake mwenyewe kabla ya kulipiga rangi upya, maana kuna mtu alikuwa anakuja kulinunua. Akakaa juu ya ndoo, akasugua mlango kwa msasa na maji. Chini ya rangi nyeupe ikatokea bluu, na chini ya bluu puti, ile ya kujazia mibonyeo, nene kama chapati.

Mke wake alikuwa anaanika nguo. "Si yule mzee wa kanisa aliyekuuzia alikuapia haijawahi kugongwa?"

Jirani aligonga mlango kwa kidole, ukalia kama ubao, si kama bati. Akasuuza msasa, akakoroga puti nyingine, akaipaka juu ya ile ya mzee na kuilainisha kumshinda.

Baada ya wiki mnunuzi akaja, akalizunguka gari mara mbili. "Imewahi kugongwa?"

"Mimi niko nayo miaka mitatu, na sijawahi kuigonga."

Hapo hakudanganya. Ukweli aliupiga msasa tu.

Jioni nilisimama kando ya gari langu, nikainua kidole niugonge mlango, halafu nikarudisha mkono mfukoni.