Walikuwa Kumi

Asubuhi ile nilitoka Kingsbury, mtaa wa London, bila kujua naenda wapi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, baridi imeanza kulegea, na mama mwenye nyumba, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, alinisimamisha mlangoni.

"Unaenda wapi na hiyo koti?"

"Sijui, mama."

"Hujui tena? Basi ukifika, uniambie."

Alishanizoea. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo miguu ndiyo iliyonisomesha. Nimeosha magari, nimepanga maboksi maghalani, nimefagia ofisi za watu nisiowajua sura, na kila kazi niliiacha siku nilipohisi nimeshaielewa. Siku za mapumziko napanda basi lolote, nakaa juu, mbele kabisa, nashuka nikiona kitu cha kuuliza.

Siku hiyo kitu chenyewe kilikuwa milingoti ya raga kwenye uwanja wa manispaa, upande wa Harrow. Nikashuka. Mkenya yeyote anadhani anaijua raga, nami nilisimama kwenye kamba nikiwa na maoni tayari. Jamaa mmoja wa timu ya nyumbani akakabwa, akaangushwa, kisha akainuka taratibu, akauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu. Wapinzani wakamtazama tu.

"Uchukueni!" nikapiga kelele kwa Kiswahili. "Mbona mnautazama?"

Mwanamke aliyekuwa amechuchumaa karibu na mfuko wa huduma ya kwanza akageuka.

"We, hapa si Nakuru. Hii ni raga ya watu kumi na tatu. Mtu akiangushwa anaachiwa ainuke. Wanapewa mara sita. Ya sita wasipofunga, wanautoa mpira."

"Mara sita? Hiyo ni huruma kubwa."

"Ngoja uwaone wetu. Hata sita haziwatoshi."

Alikuwa nesi kutoka Eldoret. Wiki nzima alikuwa wodini, na Jumamosi alikuja kufunga bandeji bure. Tulifungwa siku hiyo hadi mzee aliyekuwa akibadilisha namba kwenye ubao wa magoli akaamua kwenda kunywa chai. Nasema tulifungwa, ingawa nilikuwa nimefika nusu saa tu kabla. Sijui hutokea vipi. Labda ni kwa sababu walipotoka uwanjani, mabega yamelegea, matope hadi masikioni, kila mmoja alinipa mkono na kunishukuru kwa kuja. Mashabiki tulikuwa saba.

Kocha alikuwa dereva wa basi mstaafu kutoka kaskazini ya Uingereza. Huko kwao, alisema, huu ndio mchezo, na mtoto anajua timu yake kabla ya kujua jina la baba. Huku London watu walimuuliza kila siku kama ni ule wa kwenye televisheni, naye kila siku alijibu kwamba sio. Alikuwa ameubeba mchezo wake kuja nao kusini, kama sisi tunavyobeba unga kwenye sanduku. Kiingereza chake kilitushinda. Akimaliza kusema, mimi na nesi tuliinamiana.

"Amesema nini?"

"Nafikiri ni habari ya mvua."

"Mbona basi wachezaji wanatoka mbio?"

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nilisimamisha bendera za pembeni, nikajaza chupa za maji, nikajifunza kuchora mistari kwa kile kitoroli cha rangi nyeupe, kazi ambayo ukiinua macho tu mstari unapinda. Mwezi wa saba tulishinda mara moja. Mvua ilikuwa ikipiga, mpira unateleza kama samaki, na fundi wetu wa umeme, mtu mnene asiyekimbia, akauangukia ng'ambo ya mstari bila mwenyewe kujua. Kocha alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Nesi alipiga vigelegele, wapinzani wakadhani kuna mtu ameumia.

Lakini tatizo letu halikuwa kufungwa. Tatizo lilikuwa kutimia. Wachezaji wetu walikuwa mafundi, wapishi, wanafunzi, watu wa shifti. Katika ligi yetu, mkiwa chini ya kumi na mmoja refa haanzishi mechi, na klabu ikishindwa kutimiza idadi mara tatu katika msimu mmoja, inafutwa. Mara ya kwanza wanne walikwenda harusini. Mara ya pili treni hazikutembea. Ilibaki moja.

Hapo ndipo nesi aliponijia na karatasi.

"Kocha anataka kukuandikisha."

"Kama nini?"

"Mchezaji."

"Dada, nina miaka arobaini na minne."

"Hakuna atakayekupa mpira. Utasimama pale ukingoni, ukiuona unakuja, uogope kwa heshima."

Nilicheka, nikatia sahihi. Wakanipa jezi namba kumi na nane. Kuanzia siku hiyo nesi hakuniita jina lingine. "Kumi na nane, lete maji." "Kumi na nane, unanenepa." Sikuwahi kuingia uwanjani, lakini nilikaa kwenye benchi nimevaa, na mara mbili tatu nilikuwa mtu wa kumi na nne, wa kumi na tano, wa akiba ya akiba. Tangu rejista ya darasani, jina langu halikuwa limeandikwa mahali ambapo mtu angeliita na kusikia kimya. Ilinipendeza. Ilinibana pia, sitadanganya. Ilipofika mwezi wa nane nilikuwa sijashuka kwenye kituo kigeni kwa wiki kumi.

Alhamisi moja nesi alinitumia ujumbe kwamba Jumamosi tuko vizuri, kumi na wanne wamethibitisha bila kunihesabu mimi. Ijumaa sikulala vizuri, kwa raha tu. Jumamosi jua likatoka. Nikasimama kwenye stesheni ya Harrow na jezi yangu ndani ya mfuko, saa mbili kabla ya mechi, na treni ya kwenda nje ya jiji ikafunguka milango mbele yangu. Nikajiambia wako kumi na wanne. Nikajiambia nitarudi kabla ya kipindi cha pili. Nikapanda, nikazima simu, kama nilivyozoea kufanya nikizurura, maana simu ikilia unakuwa bado uko nyumbani.

Nilishuka kituo cha mwisho. Kuna kilima pale, na mto mwembamba wenye bata, na mzee mmoja alikuwa akikarabati ukuta wa matofali ya zamani. Nikamuuliza kwa nini hatumii saruji. Akanieleza kwamba saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe, ukuta wa zamani unataka chokaa ili uweze kupumua. Akaniachia nikoroge ndoo moja. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba saa ile ile nilikuwa na furaha tele, mikono yangu imejaa chokaa.

Nilipofika uwanjani mchana, nyasi zilikuwa safi. Mistari niliyoichora Ijumaa haikuwa imekanyagwa. Nesi alikuwa akizing'oa bendera peke yake.

"Mmeshinda?" nikauliza. Nilikuwa sijaelewa.

Hakuinua kichwa. "Tulikuwa kumi."

"Si ulisema kumi na wanne?"

"Wawili waliitwa kazini. Mmoja mtoto anaumwa. Mmoja kaumia mgongo akifunga viatu, ungecheka." Akaikunja bendera. "Refa akangoja dakika ishirini. Tukakupigia. Kocha akasema huyo yuko njiani, huyo hakosi. Nikamwambia refa nitavaa jezi mimi. Akacheka. Nikacheka. Halafu sikucheka."

"Dada..."

"Usiniite dada sasa hivi. Shika hizi."

Nikazishika bendera. Kocha alitoka chumba cha kubadilishia nguo na chupa yake kubwa ya chai, akanimiminia kikombe kabla sijafungua mdomo. Nilitaka anitukane. Alizungumza polepole, na kwa mara ya kwanza nilimwelewa bila msaada. Alisema si kosa langu, kwamba timu inayomhitaji shabiki ili itimie ilikuwa imekwisha kabla ya leo. Kisha akaniuliza nilikuwa wapi, nikamweleza habari ya chokaa, akasikiliza hadi mwisho na kusema hakuwa anajua hilo.

Barua ya ligi ilikuja wiki iliyofuata, mistari minne. Mechi zilizobaki wapinzani walipewa alama. Wachezaji wachache walihamia klabu nyingine ng'ambo ya mto mkubwa wa London, wengine waliacha kabisa. Kocha alirudi kaskazini kwa dada yake. Nilimtumia nesi ujumbe wa kuomba msamaha, mrefu, nilioufuta na kuuandika upya mara nyingi. Alijibu siku ya tatu: "Nimeshakusamehe. Lakini Jumamosi sijui nifanye nini." Hakunitania. Hakuniita namba.

Basi langu la kwenda kazini lilipita pale pale. Siku watu wa manispaa walipoing'oa milingoti na kuilaza chini, nilishuka kituo kimoja mbele, nikashindwa kusogea. Mama wa Kingsbury aliniona nimeacha kula.

"Timu ni bibi yako? Unalia kama mtu ameachwa."

"Mimi ndiye niliyewaacha, mama."

Jioni aliniletea dengu.

Nikampa notisi ya mwezi mzima. Safari hii nilijua ninakokwenda, angalau upande wake: mashariki, mbali na lile basi. Nilishuka Barking na begi moja. Kwenye kioo cha duka la unga na samaki wakavu nilikuta kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili, chumba kipo, mtu mmoja. Nikaifuata anwani. Aliyefungua alikuwa mama wa makamo, mtu wa Tanga, mtandio begani.

"Shikamoo, mama. Natoka Kenya, nimeiona kadi yako dukani."

"Marahaba. Yarabi, Mkenya anaamkia! Ingia, baba."

Chumba kilikuwa kidogo, kina dirisha la kutazama reli. Alinionyesha jiko, kabati langu, bomba linalotaka kugongwa. Kisha akasimama mlangoni akinitazama.

"Wewe ni mtu wa kukaa ama mtu wa kupita?"

Nilikuwa na majibu mengi ya swali hilo, yote nimeshayatumia. Nikamwambia kweli. Watu wa mwisho walionihesabu, siku waliyonihitaji sikuwepo.

Akaurudisha mtandio begani. "Aliyekaa humu kabla yako aliondoka bila kuaga. Nikampikia siku mbili."

"Mimi nikiondoka nitakuaga."

"Wote husema hivyo, baba," alisema, akigeuka kwenda jikoni. "Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Nikavua.